Hodi ya Kwenye Waya

Mikumi, 8 Februari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Happiness anakusalimu. Jino lake la mbele limeng'oka na anataka ujue kwamba hakulia, ingawa alilia mpaka majirani wakaja. Mimi mzima, kazi ipo, na tembo wamepita tena kwenye migomba ya mwenye nyumba wangu. Safari hii wameacha mgomba mmoja, sijui kwa huruma au kwa kushiba.

Barua hii anakuletea konda wa basi, na zako umpe huyohuyo. Simu hutaisikia, na meseji ulisema huzitaki.

Sasa tuelewane kuhusu boksi nililofunga karibu na friji. Usiliogope na usilifunike kitambaa. Mtu akibonyeza kengele getini, kidude nilichoweka kwenye nguzo kinatuma ujumbe kupitia nyaya hizihizi za umeme zilizomo ukutani. Boksi linaupokea, halafu linaamrisha taa za sebuleni, jikoni na chumbani ziwake na kuzima haraka haraka. Sikuchimba ukuta wala sikuvuta waya mpya. Ukiona taa inapepesa, ujue kuna mtu nje. Ni hilo tu.

Na unajua kwa nini nakazania. Baba hajasahau mambo ya Januari. Jirani yako Mama Kija alipiga hodi mpaka sauti ikakauka, watu wakavunja mlango, simu ikafika Morogoro kwamba umefariki, na yeye mdogo wako akaja na wanajumuiya na sufuria la msiba, akakukuta unachambua maharage. Amesema mbele yangu: Juni ikiisha kabla hujaweza kujua nani yuko mlangoni kwako, nyumba inafungwa na unahamia kwake Morogoro. Taa zikifanya kazi, unabaki kwako. Zisipofanya, unahama. Kwa hiyo nakuomba sana, usizichezee.

Mwanao,
Jackline


Kilosa, 18 Februari 2025

Jackline,

Marahaba mwanangu. Mwambie Happiness alie tu anavyotaka, akija kwangu sitasikia. Kuku wangu wamehamia chini ya kitanda cha marehemu Yared na wanataga huko, na mimi nimewaachia, maana kitanda kimekaa bure tangu mume wangu aondoke. Padri mpya anahubiri huku amefunika mdomo na karatasi, siambulii neno. Nimekwisha mwambia.

Boksi lako halifanyi kazi.

Nianze na kero ya kwanza. Watu wa hapa hawabonyezi. Mama Kija anasema kumbonyezea mtu mzima kengele ni kumwita kama mhudumu wa baa. Yeye ni mtu wa huko Kanda ya Ziwa, kwao adabu ni adabu. Anasimama getini, anapiga hodi, anasubiri, anapiga tena. Asipojibiwa anazunguka uani na kuingia. Nimemwambia hodi yake ni ya bure, inaishia kwenye kuta. Amekubali kubonyeza, lakini bado anapiga na hodi kwanza, asije akaonekana hana malezi.

Kero ya pili: nilitaka kulijaribu mwenyewe. Nikibonyeza niko getini, taa siioni. Nikikaa ndani niione taa, hakuna wa kubonyeza. Nimekimbia huku na huko na miguu yangu hii hadi wapita njia wakasimama kuangalia. Fundi gani anamfungia mtu anayeishi peke yake kitu kinachohitaji watu wawili?

Kero ya tatu ndiyo kubwa. Mama Kija alipobonyeza asubuhi, taa zilipepesa vizuri, nikafurahi, nikampa mayai. Alipobonyeza jioni, kimya. Kesho yake asubuhi, kimya. Keshokutwa, zikapepesa. Uliniambia hoteli yenu imelitoa boksi hili kwa sababu wameweka jipya zaidi. Mimi nasema wazungu wamelitupa, na wewe umeniokotea.

Najua umefanya kwa upendo, usininunie. Lakini sikiliza kinachoniuma. Mwaka wa pili huu sijamkaribisha mtu nyumbani kwangu. Nageuka tu nakuta mtu kasimama mgongoni, kishaingia, na mimi mwenye nyumba ndiye ninayeshtuka kama mwizi. Hilo ndilo ninalotaka lipone. Hayo ya baba yako na Juni yake ni makelele ya Cosmas.

Nimempa konda unga kidogo wa dona, umpikie mtoto uji.

Shangazi yako,
Hildegarda


Mikumi, 23 Februari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Unga umefika, asante sana. Konda anasema alipoupokea ulikuwa wa moto, akadhani umemkabidhi chakula, nusura aufungue. Happiness ameanza darasa la kwanza na tayari ana adui.

Boksi halikutupwa. Nimelijaribu hapa karakana kabla sijalileta, likajibu kila mara. Kwa hiyo tatizo limo ndani ya nyumba yako, na nadhani nimelijua: umeme wako una kelele. Friji la zamani, chaja za bei poa, zile taa nyeupe zilizojisokota, vyote vinamwaga takataka kwenye waya. Ujumbe wa kengele ukipita unamezwa humo, boksi haliupati.

Fanya hivi. Kwanza chomoa friji, halafu Mama Kija abonyeze. Kisha chomoa chaja zote. Kitu ambacho kikichomolewa taa zinapepesa, huyo ndiye mchawi wetu. Pamoja na barua hii nakutumia kifurushi. Ndani kuna chujio. Chujio hilo likae kati ya friji na soketi.

Usiniambie halifanyi kazi kabla hujajaribu.

Mwanao,
Jackline


Kilosa, Jumatano ya Majivu, 5 Machi 2025

Jackline,

Marahaba. Nimetoka kupakwa majivu na nilikuwa nimeazimia kufunga hasira Kwaresima hii, lakini barua yako nilikuwa nimeiacha mezani na nimeisoma tena.

Umeniandikia mimi, kiziwi, kwamba nyumba yangu ina kelele. Nilimsomea Mama Kija sentensi hiyo akacheka hadi akakaa chini. Mimi sikucheka.

Friji nililichomoa. Taa hazikupepesa, ila nyama iliharibika na maziwa yakawa mgando bila ruhusa yangu. Chaja nilichomoa, chaja yenyewe ni moja. Taa zilizojisokota nilizitoa, tukakaa gizani tukiangalia kama taa zitapepesa, mpaka Mama Kija akanikumbusha kwamba taa tumezitoa.

Kifurushi hakijafika. Basi lilikwama kwenye matope pale Zombo, abiria wakahamishiwa kwenye bodaboda, barua ikaja mfukoni mwa konda, mizigo ikabaki. Lakini sikutaka useme nimezembea. Chujio la chai ninalo, tena la chuma, la harusi yangu. Nimepigilia msumari ukutani kati ya friji na soketi nikalitundika hapo kama ulivyoelekeza. Taa hazikupepesa. Mama Kija ameuliza kama ni kinga. Mwalimu wa sala alipokuja kanisalimia huku analiangalia hilo chujio. Sasa niwaambie nini watu?

Kuna jambo lingine. Cosmas ananitumia meseji za upole. Ananiita dada yangu kipenzi. Tangu amezaliwa hajawahi kuniita hivyo. Anataka nini?

Hildegarda


Mikumi, 14 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo. Chujio la chai! Nimeisoma barua yako karakana, mbele ya mafundi wenzangu, na sasa nikiingia wananiuliza kama nimepita na chujio. Litoe ukutani, tafadhali, kabla halijaanza kuagua watu. Chujio la umeme ni kibonge cheupe chenye matundu ya plagi upande mmoja na meno upande mwingine. Kifurushi nimesikia kimefika stendi yenu, umwulize wakala. Friji unalichomeka kwenye kibonge, kibonge unakichomeka ukutani.

Kama hilo nalo halitasaidia, basi nina ombi moja, na ulifanye kwa uaminifu. Niambie ni wakati gani linafanya kazi na wakati gani halifanyi. Usinipe neno "mara moja moja." Kisha niambie, zinapopepesa, kuna kitu gani kimewashwa ndani ya nyumba ambacho jioni huwa kimezimwa? Chochote kile. Pasi, jiko, redio. Ujumbe hauwezi ukapita asubuhi na kukataa jioni bila sababu. Kuna kitu kinabadilika hapo kwako, na mimi siko hapo kukiona.

Hoteli nzima ninayoifanyia kazi hapa ina vyumba, bwawa na jenereta, na hainisumbui kama nyumba yako ya vyumba vitatu.

Baba ni mzima.

Jackline


Kilosa, 30 Machi 2025

Jackline,

Marahaba. Mto Mkondoa umejaa na watu wa bondeni wamehamishia magodoro shuleni. Huku juu tuko salama, ila mbu wametukuta wote.

Kibonge chako kimefika. Friji linanguruma vizuri zaidi, nimeweka mkono nikasikia. Taa ni zilezile.

Uliomba uaminifu. Asubuhi za Jumanne, Alhamisi na Jumamosi linafanya kazi. Siku nyingine halifanyi. Jioni halifanyi. Jumapili ndiyo kabisa, limekuwa Katoliki kuliko mimi. Umeuliza nini kimewashwa. Friji, basi. Pasi nawasha siku za misa. Redio ya nini kwangu?

Sasa nami nina swali, na nataka jibu la mtu mzima. Jana Jumamosi asubuhi taa zilipepesa. Nilikuwa na kazi kidogo uani, nikachelewa kufungua geti, kisha nikaenda. Nikakuta mwanaume simjui, ana futi la kupimia mkononi. Akaandika kwenye simu yake akanionyesha: "Nimetumwa na Mzee Cosmas." Akaingia akapima sebule. Akapima chumba cha mashine ya marehemu Yared. Akapima hata urefu wa geti, kama gari lingepita. Akashukuru akaondoka.

Miezi miwili nimesumbuka na boksi lako, na mgeni wa kwanza liliyeniletea kwa usahihi kabisa ni huyu. Ni nani? Ulijua?

Unga upo kwenye mfuko wa bluu.

Hildegarda


Mikumi, 19 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo, na Pasaka njema kesho. Nimechelewa kwa sababu barabara ilikatika, na kwa sababu sikujua nikuandikie nini. Leo najua.

Asubuhi nilikuwa nafunga pampu mpya ya kisima hapa hotelini. Ni pampu ya fezi tatu, kama umeme wa kwako. Unakumbuka Mzee Yared alivyohangaika kuletewa umeme wa nyaya tatu kwa ajili ya mashine yake ya kusaga? Kila waya tunauita fezi. Geti lako liko kwenye fezi moja. Boksi liko kwenye nyingine. Ujumbe unaotoka getini hauwezi kuruka kutoka fezi hii kwenda ile, unaishia njiani. Hilo nilipaswa kulipima siku ya kwanza, na nilichoka na safari nikaliacha.

Lakini kuna wakati unaruka. Unaruka pale panapowashwa kitu kinachotumia fezi zote tatu kwa pamoja. Hicho kikiwaka kinakuwa daraja. Kikizimwa, daraja limevunjika. Katika nyumba yako kitu cha namna hiyo kipo kimoja tu.

Jumanne, Alhamisi, Jumamosi. Unga wa moto mikononi mwa konda. Bahasha zako zinaniachia vumbi jeupe kwenye suruali, na mimi nilikuwa nakung'uta tu, sina akili.

Shangazi, mashine inasaga.

Uliapa mbele ya baba mwaka jana kwamba mkanda umeutoa na chumba umekifunga. Kanga ya Mama Kija ilivutwa na mkanda huohuo, akapiga kelele, na wewe ulikuwa umempa mgongo unamimina mahindi, hukusikia. Ilikuwa kanga. Ingeweza kuwa mkono wake. Nimehangaika na chaja na chujio na friji miezi mitatu, na wewe unajua! Sijawahi kukukasirikia hivi.

Jackline


Kilosa, 11 Mei 2025

Jackline,

Marahaba.

Barua yako nimekaa nayo. Nilianza kukujibu mara nyingi nikachana. Nilitaka kukwambia nimekulea wewe ulipokuja kusoma hapa, usinihoji. Kisha nikaona hata hilo si jibu.

Ndiyo, inasaga. Mkanda niliutoa kweli, ukakaa chini ya kitanda na kuku. Halafu nikaurudisha.

Nikueleze, na usimweleze baba yako kwanza. Masikio yalipokwisha, watu walidhani nimebaki kwenye kimya. Kimya kingekuwa nafuu. Mimi nimebaki na dunia ya picha, midomo inafunguka na kufunga, milango inagongana bila kugongana, mvua inanyesha bila kusema kitu. Nilikuwa naogopa, Jackline. Mimi, mtu mzima, nilikuwa naogopa nyumbani kwangu. Siku moja, kabla ya mambo ya kanga, Mama Kija akaniomba nimsagie debe moja tu, mashine ya sokoni ilikuwa imeharibika. Nikavua ndala nikawasha. Sakafu ikaanza kutetemeka, ikapanda kwenye nyayo, ikapanda hadi magotini, hadi kwenye meno. Nikasikia. Kwa miguu, lakini nimesikia! Najua mahindi yakiwa mabichi, najua chekecheke likiziba, najua Yared angesema nini hapo. Nililia hadi Mama Kija akadhani nimeumia.

Ndiyo maana siachi. Sisagi kwa tamaa. Nasaga ili nisikie kitu.

Kuhusu kanga una haki, na sina la kujitetea. Tangu siku ile Mama Kija anasimama upande wa mkanda na mimi upande wa mahindi, tunatazamana usoni muda wote. Najua haitoshi.

Siku ya mtu wa futi nilizima mashine kwanza ndipo nikafungua geti. Nilimficha yeye, na wewe nikakuficha. Lakini nawe hujanijibu swali langu. Uliandika "Baba ni mzima," mstari mmoja, ukapita. Nimesahihisha madaftari ya Yared ya wateja miaka mingi, mstari mfupi naujua. Sema.

Shangazi yako


Mikumi, 25 Mei 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Happiness amesoma jina nyuma ya bahasha yako akatamka "Hil-de-ga-ri-da" mwenyewe, silabi kwa silabi. Nimejivunia kuliko alivyojivunia yeye.

Yule mtu ni mpangaji. Anataka kuweka duka la vifaa vya ujenzi, ndiyo maana alipima kama gari linapita. Baba amekwisha kumwambia kuanzia Julai nyumba itakuwa tupu. Nilijua tangu Februari. Sikukwambia kwa sababu niliona boksi litafanya kazi na jambo lenyewe litakufa bila wewe kulijua. Kila lilipokataa nilikasirika na wewe, na hasira hiyo haikuwa yako. Nisamehe.

Nakuja. Nimeomba ruhusa wiki ya pili ya Juni, barabara imepitika. Nitahamisha waya wa geti uwe fezi moja na boksi, ili kengele ikufikie mashine ikiwa imewaka au imelala. Hilo ni la nusu siku.

Mashine sitamwambia baba, utamwambia mwenyewe. Ila nina masharti yangu, na hayana mjadala. Nitafunga swichi nyekundu ukutani karibu na mkanda, ya ukubwa wa kiganja. Mtu yeyote akiigonga, mashine inazima palepale, hahitaji kupiga kelele wala wewe kusikia. Mama Kija akiwa hayupo, husagi. Ukisaga peke yako nitaung'oa mkanda nirudi nao Mikumi.

Na nina jambo jingine nimelifikiria tangu niliposoma kuhusu sakafu. Lile feni lako la mezani lililovunjika, lililobaki na panga moja, usilitupe. Nitalihitaji.

Jackline


Kilosa, 6 Julai 2025

Jackline mwanangu,

Marahaba, na shukrani kwa yote, ingawa umeniachia vipande vya waya kila kona na kuku mmoja amemeza kimoja. Mzima bado. Namwangalia.

Swichi nyekundu inapendwa kupita kiasi. Kila mteja anataka kuigonga aone. Alhamisi mashine ilizimwa na watu wanne wasio na dharura yoyote, mwisho nikasema anayeigonga bila sababu anapeleka mahindi yake sokoni. Lakini Mama Kija sasa anasimama pale akiwa ametulia, na kanga ameifunga kiunoni.

Feni lako hilo la panga moja, Jackline, ulipolifunga kwenye sanduku chini ya ubao wa kuwekea miguu mbele ya kiti changu cha uani nilisema moyoni huyu mtoto amechoka. Ulisema kengele ikibonyezwa taa zitapepesa na feni nalo litawaka, na kwa kuwa lina panga moja litayumba, ubao utatetemeka. Ulipoondoka nilikaa na miguu juu yake siku nzima, nikijisikia mjinga.

Sasa nikupe habari ya Cosmas. Alikuja Jumapili ile ya mwisho wa Juni, bila kuniambia, na yule mtu wa futi nyuma yake. Alichagua Jumapili makusudi. Anasema kuna mtu aliwahi kumwambia Jumapili boksi halifanyi kazi kabisa. Sijui ni mtu gani huyo, wewe unamjua?

Nilikuwa nimetoka misa, nimekaa kwenye kiti changu uani napepeta mchele, mgongo kwa geti, mashine imelala. Taa siku hiyo nisingeiona, jua lilikuwa kali. Ubao ukatetemeka. Ulianza kwenye kisigino, ukaja mbele. Si kama mashine ya Yared, huu ni mdogo, una haraka. Nikajua: kuna mtu nje. Ungo nikauweka chini, na kabla sijageuka nikaita kwa sauti yote niliyo nayo:

"Karibu!"

Nilipogeuka, Cosmas alikuwa bado ameshika geti. Hajaingia hata hatua. Midomo yake naisoma tangu tukiwa watoto.

"Shikamoo dada," akasema. "Umejuaje ni mimi?"

"Marahaba. Sikujua ni wewe," nikamjibu. "Ningejua ningenyamaza."

Hakuamini. Akatoka, akabonyeza tena, akarudi mbio kuniuliza kama nimesikia. Nikamwambia nimesikia na asiharibu kengele. Mwisho akavua viatu, akakaa kwenye kiti changu, akaweka miguu ubaoni na kumtuma yule mpangaji getini. Ubao ukatetemeka. Cosmas akatazama miguu yake, akasema "karibu" taratibu, nadhani hakujua kwamba amesema. Mtu wa futi akaingia akitabasamu. Nikamweleza kwamba si yeye aliyekaribishwa.

Kisha nikampeleka Cosmas chumba cha mashine nikamwonyesha mkanda. Mwenyewe, bila kuulizwa. Alifoka sana, na raha ya uziwi ni kwamba unaweza kuangalia pembeni. Alipochoka nikamwonyesha swichi nyekundu. Nikawasha, akaigonga, ikazima. Akaigonga tena. Hamna mwanaume asiyependa swichi hiyo. Hakusema ndiyo. Alimwambia yule mtu wake watafute sehemu nyingine, akaniomba unga wa kupeleka Morogoro, na ule ufunguo wa nyumba yangu aliokuwa anatembea nao tangu Januari nimeukuta mezani alipokwisha ondoka.

Boksi lako bado lina ujinga wake. Umeme ukikatika ukarudi, ubao unatetemeka wenyewe na mimi nakaribisha upepo. Uje urekebishe.

Lakini nataka uelewe kitu kimoja, maana wewe ni fundi na unaweza kudhani umefunga feni. Nilisema karibu, Jackline, na mtu alikuwa bado yuko nje.

Shangazi yako,
Hildegarda